Hati Mbili, Dirisha kwa Dirisha: Barua za Kilwa na Usanifu Mpya wa Injini ya Maonyesho ya Kihariri cha Matini



Katika hifadhi ya nyaraka za kihistoria ya Goa, nchini India, zimo barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa lugha ya Kiswahili na kwa hati ya Kiarabu. Zilipelekwa kwa Wareno waliokuwa Msumbiji na kwa washirika wao wa huko, nazo ndizo maandishi ya Kiswahili ya kale kabisa yanayojulikana. Mwaka 1994 Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl walichapisha katika jarida la Afrika und Übersee uchunguzi wa karatasi moja tu miongoni mwa hizo. Karatasi moja, makala nzima. Aliyewahi kuketi mbele ya hati ya namna hiyo hatashangaa.

Leo sitazungumzia habari zilizomo katika barua zile. Nitazungumzia kioo tunachozisomea. Mtafiti wa hati za Kilwa na Lindi siku hizi hashiki karatasi mkononi ila kwa nadra. Hushika picha ya karatasi ndani ya kompyuta, na kando yake hufungua programu ya kuandikia. Programu hiyo naiita kihariri, kwa kiambishi ki- cha ala na vyombo, ili asichanganywe naye mhariri, ambaye ni mtu na ana lawama zake. Ndani ya kila kihariri mna sehemu isiyoonekana ambayo kazi yake ni kuyatoa maandishi katika kumbukumbu na kuyachora juu ya skrini. Hiyo ndiyo injini ya maonyesho. Hoja yangu ni kwamba injini hiyo, kama ilivyosanifiwa katika vihariri vingi, haikutazamiwa kufanya kazi tunayoifanya sisi, na kwamba kuisanifu upya ni jambo linalowahusu wanataaluma wa Kiswahili kama linavyowahusu mafundi wa programu.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikitayarisha barua moja ya karne ya 19 kutoka Kilwa Kivinje, barua ya madai baina ya ndugu wawili. Nilikuwa nimefungua madirisha matatu. Kulia hati ya Kiarabu, kushoto unukuzi wa herufi za Kirumi, na chini dirisha la maana ya neno kwa neno, ambalo programu ililijaza yenyewe kutoka katika faharasa yangu ndogo kwa kuufuata unukuzi. Mnajua kwamba katika hati nyingi za zamani herufi ghaini husimama mahali pa *g*, pa *gh*, pa *ng* na hata pa *ng'*. Kwa hiyo neno nililolinukuu “aliowafuga” lingeweza vilevile kuwa “aliowafunga”. Mbuzi aliowafuga mtu ni mali yake. Mbuzi aliowafunga huenda ni wa jirani waliomharibia shamba. Kesi nzima imesimama juu ya sauti moja ambayo mwandishi hakuwa na herufi ya kuitenga.

Baada ya kuisoma barua mara ya nne nilibadili nia, nikaandika “aliowafunga”. Unukuzi ukabadilika mara moja. Dirisha la chini halikubadilika, kwa kuwa programu ilikuwa ingali inashughulika na aya nyingine. Likabaki linasema “waliokuwa chini ya ufugaji wake”. Mimi, kwa haraka ya tarehe ya mwisho, nikanakili yote mawili kama nilivyoyaona, nikayapeleka. Yakachapishwa hivyo hivyo, unukuzi ukisema hili na maana ikisema lile. Msomaji mmoja aliniandikia kuniuliza, kwa adabu kubwa, ni yupi kati ya ndugu wale wawili nimempa mbuzi. Sikuwa na la kumjibu isipokuwa kwamba skrini ilinionyesha hali mbili za wakati tofauti kana kwamba ni hali moja.

Ghaini si pekee. Herufi be hubeba *b*, *p*, *mb* na *mp*. Fe hubeba *f*, *v* na *mv*, hata “kufua nguo” na “kuvua nguo” huandikwa sawa, jambo ambalo walimu wa chuoni wamelifanyia mzaha tangu zamani. Irabu zetu ni tano na alama za Kiarabu ni tatu, hivyo “choma” na “chuma” hutegemea akili ya msomaji. Wapo waandishi wa pwani waliobuni nukta za ziada na alama za kutenganisha haya, lakini mtu anayeandika barua kwa haraka, huku jahazi likingoja upepo, hakujihangaisha nazo. Aliyeandikiwa aliijua lugha. Sisi ndio tusio na uhakika, na kutokuwa na uhakika huko ndiko kunakotulazimisha kuziweka hati mbili dirisha kwa dirisha na kuzitazama zote kwa pamoja.

Sasa tuingie ndani ya mtambo wenyewe.

Vihariri vya mwanzo vilizaliwa katika umaskini. Skrini ya kawaida ya miaka ya 1970 ilikuwa na mistari 24 yenye nafasi 80 kila mmoja, yaani nafasi 1,920. Kama waya wa kuiunganisha na kompyuta ulipitisha biti 1,200 kwa sekunde, ambazo ni karibu herufi 120, basi kuichora skrini nzima upya kulichukua sekunde 16. Hakuna mtu awezaye kuandika akingoja sekunde 16 baada ya kila herufi. Kwa sababu hiyo mafundi walibuni hila ambayo ingali hai mpaka leo: kihariri huweka picha mbili za skrini katika kumbukumbu yake, moja ya skrini ilivyo na nyingine ya skrini inavyotakiwa iwe, kisha huzilinganisha na kutuma tofauti tu. James Gosling, ambaye mwaka 1981 aliandika Emacs ya kwanza kwa mfumo wa Unix kwa lugha ya C, aliifikisha hila hiyo kwenye upeo wake. Sehemu hiyo ya programu yake ilikuwa ngumu kiasi kwamba juu yake palichorwa fuvu la kichwa na mifupa miwili, kumwonya yeyote atakayetaka kuigusa.

Emacs ya GNU, ambayo Richard Stallman alianza kuiandika mwaka 1984, ilirithi wazo hilo. Injini yake ya maonyesho iliandikwa upya na Gerd Möllmann kwa ajili ya toleo la 21, lililotoka mwaka 2001, ili iweze kuonyesha herufi za ukubwa mbalimbali na picha. Hata hivyo injini hiyo mpya iliendelea kudhani kwamba maandishi yote hukimbia kutoka kushoto kwenda kulia. Ilimlazimu Eli Zaretskii aibadili kutoka ndani ndipo toleo la 24, mwaka 2012, lilipoweza kuonyesha Kiarabu na Kiebrania kwa mpangilio wake. Naitaja programu hii si kwa kuitangaza, bali kwa kuwa historia yake iko wazi na kila mtu anaweza kuisoma mstari kwa mstari. Kutoka 1984 hadi 2012 ni miaka 28. Mtafiti wa barua za Kilwa aliyetaka kuitumia alingoja muda wote huo ili aweze kuona mstari mmoja wa hati yake ukienda upande wake.

Ugumu ulikuwa wapi? Watu wengi hudhani kwamba kuonyesha hati ya Kiarabu ni kugeuza mstari tu, kama mtu anayetazama kanga kwa nyuma. Sivyo. Tuchukue barua yenye tarehe kwa tarakimu, mathalani 1123, mwaka wa Hijria ambao sehemu yake kubwa iliangukia mwaka 1711. Maneno hukimbia kutoka kulia kwenda kushoto, lakini tarakimu ndani ya maneno hayo hukimbia kutoka kushoto kwenda kulia. Injini inayogeuza mstari mzima bila kufikiri itaandika 3211, na mwanafunzi asiye mwangalifu ataipeleka barua ile mbele zaidi ya miaka 2,000. Kanuni za Unicode kwa ajili ya matini ya pande mbili hushughulikia jambo hili kwa kumpa kila herufi ngazi yake: ngazi shufwa huenda kulia, ngazi witiri huenda kushoto, na ngazi zinaweza kupandana moja ndani ya nyingine kama jina la Kireno ndani ya sentensi ya Kiswahili iliyo ndani ya utangulizi wa Kiarabu. Ngazi hizo huamuliwa kwa aya nzima. Na mwelekeo wa aya, kama hakuna aliyeutaja, huamuliwa na herufi ya kwanza yenye mwelekeo wake. Kwa maneno mengine, ukifuta herufi moja mwanzoni mwa aya, mistari 30 iliyo chini yake yaweza kuhamia ukingo wa pili wa ukurasa.

Juu ya hilo pana maumbo. Herufi ya Kiarabu iliyo peke yake, iliyo mwanzoni, ya katikati na ya mwisho wa neno huwa na sura mbalimbali. Kuingiza herufi moja hubadili sura za jirani zake. Kazi ya kuchagua maumbo hayo hufanywa na maktaba maalumu, na ile iliyoenea zaidi ni HarfBuzz. Ni kazi ya uangalifu, na uangalifu una gharama yake kwa wakati.

Hapa ndipo linapoingia neno sambamba. Wanafunzi wa mtindo na ushairi wanalijua neno usambamba kwa maana ya miundo inayorudiwa bega kwa bega katika beti. Katika kompyuta lina maana ya kazi kadhaa zinazotendwa kwa wakati mmoja na vichakataji zaidi ya kimoja. Kompyuta ya mezani ya leo ina viini vinne, vinane au zaidi, lakini kihariri cha mtindo wa zamani hukitumia kimoja tu kwa kuchora, na vingine hukaa barazani. Emacs niliyoitaja ilipata nyuzi katika toleo la 26, mwaka 2018. Lakini ni uzi mmoja tu unaoruhusiwa kuendesha maagizo ya Lisp kwa wakati wowote, na nyuzi nyingine hupokezana nao. Hayo ni mazungumzo ya zamu, hayajawa usambamba.

(Neno uzi kwa maana hii nalipenda. Katika machimbo ya Kilwa Kisiwani, Neville Chittick alifukua mapia ya kusokotea pamba, na kisiwa kile kilijua kabla yetu kwamba nyuzi nyingi zisipopangwa huzaa fundo badala ya nguo.)

Mnaokumbuka chuo cha Kurani mnao mfano bora kuliko wangu. Watoto 20 wameketi, kila mmoja na ubao wake na sura yake, wote wanasoma kwa sauti kwa wakati mmoja. Mgeni husikia kelele. Mwalimu husikia kila mmoja, na hujua nani amekosea. Mambo matatu huwezesha hilo: kila mtoto ana ubao wake peke yake, hakuna anayefuta ubao wa mwenziwe, na mwalimu ni mmoja. Kihariri cha kawaida kimevunja sharti la kwanza. Maandishi yamo katika ubao mmoja, ambao mafundi huuita bafa. Mtumiaji anaandika juu yake, injini ya maonyesho inausoma, faharasa inautafuta. Ukizileta nyuzi nne juu ya bafa hiyo bila ulinzi, moja itasoma neno ambalo nyingine imelifuta nusu. Ukiweka kufuli, kila uzi utangoja mwenzake, nawe utakuwa umerudi kwenye zamu.

Usanifu ninaoupendekeza unaanza kwa kuuondoa ubao huo mmoja. Matini iwekwe katika mti ambao matawi yake hayabadiliki yakishaandikwa. Anapoingiza mhariri herufi, tawi moja jipya na njia ya kulifikia huundwa, na sehemu nyingine zote za mti hubaki zilivyo na hushirikiwa baina ya mti wa zamani na mpya. Wazo hili si langu. Hans Boehm na wenzake walilieleza mwaka 1995 chini ya jina la kamba, nalo limetumika katika vihariri kadhaa tangu hapo. Faida yake kwetu ni kwamba kila badiliko huzaa toleo lenye namba, na toleo la zamani haliharibiki. Uzi uliopewa toleo la 412 utaisoma barua ya toleo la 412 hadi umalize, hata kama mhariri amekwisha kufika 415. Kufuli haihitajiki kwa sababu hakuna anayeandika juu ya kinachosomwa.

Hatua ya pili ni kugawa kazi, na hapa ndipo mafundi wengi wanapoteleza. Kishawishi ni kugawa kwa mistari ya skrini: wewe mistari 10 ya juu, wewe 10 ya kati, wewe 10 ya chini. Kwa Kiingereza au kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi mgawanyo huo unakaribia kufaa. Kwa hati ya Kiarabu haufai hata kidogo, kwa kuwa mstari hauwezi kujua ngazi zake bila kuijua aya yake. Kipimo cha kugawia ni aya. Kila uzi uchukue aya, uamue ngazi, uchague maumbo, uivunje aya katika mistari kwa upana wa dirisha, na mwisho upange mpangilio wa ndani wa kila mstari. Utaratibu wa hatua hizo haubadiliki: mistari huvunjwa kwanza kwa mfuatano wa kusoma, ndipo hupangwa kwa mfuatano wa kuonekana. Ukigeuza utaratibu, maneno ya mwisho wa sentensi yataangukia mstari wa kwanza.

Tenzi ni neema katika jambo hili. Ubeti ni mfupi, mipaka yake inajulikana, na beti moja haitegemei nyingine kwa mwelekeo wala kwa maumbo. Ukiufungua utenzi wa vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, ambao Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliutoa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley, unaweza kumpa kila kiini beti zake na vyote vikamaliza karibu pamoja. Barua ni kinyume. Barua ya pwani mara nyingi ni aya moja tangu salamu hadi jina la mwandishi, haina nukta wala koma, na maneno ya mwisho yamepanda pembezoni mwa karatasi kwa kukosa nafasi. Hapo viini vinane havina cha kugawana. Njia pekee ni mhariri mwenyewe kuweka alama za mipaka zisizoonekana, yaani kufanya kwa mkono uamuzi wa kitaaluma kuhusu wapi salamu inakoma na dai linaanza. Baadhi ya wenzangu wanaliona jambo hili kuwa ni kuingiza mkono wa mhariri ndani ya matini kwa ajili ya starehe ya mashine. Nawaelewa. Ndiyo sababu nasema alama hizo zihifadhiwe kando, zisiwe sehemu ya matini, na zionekane kwa rangi anapotaka msomaji.

Hatuna budi pia kupima matumaini. Gene Amdahl alionyesha mwaka 1967 kwamba sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayotawala. Tuseme moja ya tano ya kazi ya kuchora haigawanyiki: kupokea herufi iliyobonyezwa, kukusanya mistari, kukabidhi picha kwa skrini. Kwa viini vinne kazi itakwenda mara mbili na nusu upesi zaidi, wala si mara nne. Na hata ukileta viini 1,000 hutapita mara tano. Kwa hiyo anayeniahidi kwamba usambamba utaiponya kila programu nzito, simwamini. Skrini ya kawaida huonyesha picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha ina milisekunde 16 na ushei. Lengo la maana ni kazi yote iingie ndani ya muda huo.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko kasi. Tumekwisha kuzipa nyuzi kazi. Moja imemaliza dirisha la hati, ya pili imemaliza dirisha la unukuzi, ya tatu ingali inatafuta maana katika faharasa. Je, tuonyeshe kilichokwisha, au tungoje? Mafundi wa programu za biashara na za michezo watasema bila kusita: onyesha, mtumiaji hapendi kungoja. Kwa mhariri wa hati jibu hilo ni hatari, na mbuzi wa Kivinje ni shahidi wangu. Napendekeza kanuni kwamba madirisha yote yaliyofungamana yaonyeshe namba moja ya toleo, au yasibadilike. Picha hutayarishwa nyuma ya pazia, na pazia hufunguliwa kwa yote kwa mara moja.

Kuna pingamizi moja lenye uzito. Mtu akiandika lazima aone herufi yake papo hapo, la sivyo vidole hupotea. Nimelifikiria sana, na suluhisho ninaloliona ni hili: dirisha analoandikia liruhusiwe kutangulia, lakini mara linapotangulia madirisha mengine yafifie rangi, yawe ya kijivu, hadi yatakapolifikia toleo lake. Kilichofifia kisiweze kunakiliwa. Mhariri akijaribu kukinakili, programu imwambie kwamba maana anayoiona ni ya toleo lililopita. Hilo litaudhi watu. Mimi ningeudhika pia siku ile, na ningeokoka.

Niruhusuni nigeuke kidogo kwa wanaisimu, maana watauliza iwapo Kiswahili kinao msamiati wa kubeba mazungumzo haya. Kwa sehemu kubwa kinao. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kazi ile ilitulazimisha kuchagua kwa vitendo maneno ambayo kamati zingeweza kuyabishania kwa miaka. Kompyuta imeishinda ngamizi, wala haijamalizana na tarakilishi. Skrini na kiwambo vinaishi pamoja. Lakini kuna somo jingine katika kazi ile, nalo halisemwi sana. Kutafsiri menyu kuliwezekana upesi kwa sababu Kiswahili cha herufi za Kirumi hakiidai injini ya maonyesho kitu chochote. Hatuna alama juu ya irabu wala herufi ngeni; tuna kibainishi cha *ng'* pekee, nacho husumbua, kwa maana baadhi ya programu hulikata neno hapo na nyingine hukigeuza kikawa alama ya kufungulia dondoo. Tukaamini kwamba Kiswahili kimeingia katika kompyuta. Kimeingia nusu yake. Nusu iliyoandikwa Kilwa mwaka 1711 ilibaki mlangoni.

Wapo waliojaribu kuufungua mlango huo. Kevin Donnelly ameandika zana aziitazo Andika!, za kuandikia Kiswahili kwa hati ya Kiarabu na kukigeuza kwenda na kutoka herufi za Kirumi, na mtu yeyote anaweza kuzitumia. Kugeuza, hata hivyo, ni sehemu moja. Kutoka Kirumi kwenda Kiarabu njia imenyooka. Kurudi kuna njia panda kila baada ya herufi chache, na kila njia panda ni uamuzi ambao mashine inaweza kuupendekeza bila kuukata. Ndiyo maana nataka njia panda zionekane zote: dirisha la unukuzi lishike “fuga” na “funga” kwa pamoja, moja juu ya nyingine, hadi mhariri achague, na uchaguzi wake uandikwe pamoja na namba ya toleo.

Mfano wa mwisho ni wa matini ambayo hata madirisha matatu hayaitoshi. Tarikh ya Kilwa imetufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni hati ya Kiarabu iliyomo katika Maktaba ya Uingereza, nakala iliyofanywa Unguja mwaka 1877 kwa ajili ya John Kirk, ambayo S. Arthur Strong aliichapisha mwaka 1895. Ya pili ni muhtasari wa Kireno wa João de Barros, uliochapwa mwaka 1552. Mbili hizi hazikubaliani katika majina ya wafalme wala katika urefu wa utawala wao. Kuna na simulizi za Kiswahili za Kilwa Kisiwani, Kivinje na Lindi, ambazo Carl Velten alizitoa mwaka 1907. Anayetaka kuzihariri kwa pamoja anahitaji Kiarabu kinachokwenda kushoto, Kireno na Kiswahili vinavyokwenda kulia, na uzi wa kufungamanisha kila mfalme na mwenzake ng'ambo ya pili. Ukimsogeza sultani mmoja juu, wote walio chini yake katika madirisha yote wanasogea. Urefu wa kila aya lazima ujulikane kabla ya kujua inayofuata itaanzia wapi, na kwa mtazamo wa kwanza hilo halikubali usambamba. Linakubali. Kila uzi hupima urefu wa aya zake, kisha majumlisho hufanywa kwa jozi, jozi za jozi, na kuendelea, hata aya 1,000 zikapata mahali pake kwa duru 10 za kujumlisha mahali pa 1,000.

Nilipomchorea fundi mmoja kijana mpango huu aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: dirisha la Kiarabu likae kulia au kushoto? Nilikuwa nimeliweka kulia kwa mazoea. Akaniambia nilihamishe kushoto, kwa kuwa hapo mwanzo wa mstari wa Kiarabu na mwanzo wa mstari wa Kirumi vitakutana katikati ya skrini, kwenye ukingo mmoja, na jicho halitalazimika kusafiri upana wa kioo kizima kutoka neno la kwanza hadi neno la kwanza. Nimelihamisha. Mjadala uko wazi kwenu.